Ng'ombe Wanane wa Bibi Wankyo

Kwa miezi miwili, kila aliyemuuliza Mseti Nyangwine kama atakwenda kusoma Uswidi alipewa jibu moja: "Nitamwachia nani bibi yangu?" Jibu hilo lilimpa sifa nyingi pale kijijini Kemambo. Katekista alilitaja kanisani. Akina mama walimwita mtoto mwenye utu, na Mseti, mwenye miaka ishirini na minne na shahada ya ualimu wa sayansi kutoka Dodoma, aliinamisha kichwa akazipokea sifa zote, hakurudisha hata moja.

Barua zilikuwa mbili. Ya Uswidi ilifika mwezi wa sita: amepata ufadhili wa shahada ya uzamili, miaka miwili, asome magonjwa ya mihogo, na athibitishe kabla ya tarehe kumi na tano Agosti. Ya serikali ilifika mwishoni mwa Julai: amepangiwa kufundisha biolojia katika sekondari moja upande wa Robanda, wilaya ya Serengeti. Aripoti ndani ya siku ishirini na moja, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Wapo waliohitimu zamani kuliko yeye ambao bado wanaendesha bodaboda Sirari wakiisubiri ajira hiyo. Kwa hiyo mtu asidhani barua moja ilikuwa dhahabu na nyingine kifusi.

Suala la bibi lilikuwa la kweli. Bibi Wankyo hakumzaa baba yake Mseti wala mama yake. Alimuoa mama yake. Huku Tarime nyumba ya namna hiyo inaitwa nyumba ntobhu: mwanamke aliyefiwa na mume bila mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba ile kwa jina la marehemu. Ni habari ya urithi, wenye kucheka wacheke. Mseti alizaliwa hivyo, peke yake, na mama yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Asipokuwepo mwanamume wa kulishika jina la Nyangwine, shamba lingeliwa na Tomaso, binamu wa marehemu, ambaye tayari alikuwa na tabia ya kupitisha mifugo yake katikati ya mihogo ya bibi.

Mwanzoni mwa Agosti Mseti alikwenda Robanda kuiona shule. Alilala siku mbili kwa mwalimu Gasto, mtu wa Bukoba, aliyemwonyesha bustani ya shule iliyokanyagwa na tembo na nyumba ya walimu isiyo na dari. Mseti aliipenda. Alirudi Kemambo ameshaamua, na njiani akayapanga maneno: Bibi, nimeacha Ulaya kwa ajili yako.

Alipofika, zizini kulikuwa na ndama mmoja tu. Ng'ombe wanane waliotengwa kwa mahari yake yeye mwenyewe hawakuwepo. Mbele ya nyumba, msichana asiyemjua alikuwa anamenya mihogo, mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, Bibi. Ng'ombe wako wapi?"

"Marahaba, mura, kijana wangu. Kaa kwanza. Huyu ni Waisiko. Nimemuoa."

Mseti hakukaa. "Umemuoa lini?"

"Ng'ombe wamekwenda jana. Maneno tulianza siku ile uliponisomea barua ya Uswidi. Mtoto wake ni wa kiume, anaitwa Nyangwine kuanzia sasa. Wazee wameshuhudia, Tomaso naye alikuwepo, amekunywa pombe yetu. Nyumba ina mtu. Nenda ukasome."

Mtu mwingine angepiga magoti kushukuru. Mseti alikasirika, tena kwa sauti, mbele ya mgeni.

"Wale ng'ombe walikuwa wangu!"

"Walikuwa wa nyumba."

"Nani alikuomba, Bibi? Mimi nilikuomba?"

Bibi Wankyo alimtazama vizuri. "Ulisema kanisani, ulisema sokoni, umesema mpaka kwa watu wa Nyangoto, kwamba ni mimi nimekushika. Nimekuachia. Sasa mbona unalia?"

Kweli alikuwa analia. Akaketi chini, na hapo likatoka lile ambalo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote. Siku ya usaili kwa kompyuta, wale maprofesa walimuuliza maswali, na nusu yake hakuyaelewa. Aliitikia kwa kichwa, akacheka walipocheka. Walimchukua kwa alama zake, na alama zile alizipata kwa kukariri. Aliogopa kwamba watamgundua mwezi wa kwanza, wamrudishe na sanduku lake, Tarime nzima ikiangalia.

"Naogopa, Bibi. Si wewe. Ni mimi."

Waisiko aliacha kumenya.

"Ungeniambia mwezi wa sita," bibi akasema, "ng'ombe wangekuwepo."

Hakumkemea zaidi ya hapo. Siku zilizofuata alimpikia, akamwachia nyama iliyonona, na Mseti alisema baadaye kwamba afadhali angechapwa. Kila jioni alikishika kile kitoto cha Waisiko, akakiona kinavyomcheka, akaona aibu hadi masikioni. Mara tatu aliifungua barua ya Uswidi kwenye simu. Mahali pa kubonyeza palikuwa pale pale, pakubwa, pa rangi ya kijani. Tarehe kumi na tano ikapita kama siku nyingine yoyote, na kesho yake, siku mbili kabla ya muda wa kuripoti kuisha, akafunga begi kwenda Robanda.

Ningependa kusema alibadilika njiani. Sina ushahidi. Ninalojua nimelipata kwa Gasto, aliyempokea kituoni na kumsaidia begi.

"Kwa hiyo Uswidi basi?" Gasto alimuuliza, akimchokoza. "Bibi alikukatalia, eh? Nyinyi Wakurya na bibi zenu!"

Sifa ilikuwa pale pale, ni kuitikia tu. Mseti aliweka begi chini.

"Hapana. Bibi alitoa ng'ombe wanane ili niende," alisema. "Mimi niliogopa."

Gasto alicheka, akidhani ni utani. Alipomtazama usoni akaacha kucheka, akalibeba begi hadi nyumba ya walimu, akamwonyesha chumba atakachokaa.