Springi za Kumpeleka Mama Nkowe

Gari langu nililijenga kwa ajili ya magunia, na nilikuwa nikijidai nalo sana. Ni mchomoko, vile vigari virefu kwa nyuma tunavyobebea abiria huku kwetu, ila langu nilikuwa nimelinyanyua na kulifunga nyuma springi ngumu za gari la mizigo. Msimu wa korosho wenzangu wanaburuza matumbo chini, mimi napita. Mwanamke naendesha, boliti nafungua mwenyewe, na abiria asiyetaka ashuke.

Tatizo lilikuwa msimu ukiisha. Likiwa tupu lilikuwa linaruka hilo, jamani! Mama alilipanda mara moja tu, kutoka kwetu Naipingo kwenda Nachingwea mjini, na nyonga yake ilikuwa bado mbovu tangu alipoteleza kisimani. Alishuka amenuna.

“Mimi si mpunga wa kutwangwa,” akasema. “Humu sipandi tena. Hata nikifa, nibebeni kwa mikono.”

Basi ikaja habari kwamba mjukuu wake, binti wa kaka yangu kule Nkowe, yuko karibu kutoka unyagoni. Katika ukoo wetu wimbo wa kumtoa mwali nje anauimba mama, na hajawahi kumkosa hata mmoja. Lakini ngazi za basi haziwezi, na bodaboda ndiyo usiseme.

“Nitabaki,” akasema. “Mtakuja kunisimulia.”

Mama yangu, mwenye mdomo ule, aseme kinyonge hivyo! Roho iliniuma, halafu nikapandwa na hasira. Nikajiapia kwamba Nkowe atafika, na atafika na gari langu.

Kwetu gari likiruka dawa yake ni moja, unalitwika mzigo. Nikapakia viroba vya mchanga nyuma, nikaenda kulijaribu kwenye kona moja ya vumbi inayoshuka bondeni. Kweli, kuruka kukapungua. Ila nilipokata kona, ule uzito ukavuta mkia wa gari pembeni, nikajikuta uso kwa uso na mbuzi wa watu. Aliniangalia vibaya yule mbuzi. Nikashusha mchanga wote palepale, huku nikijitukana.

Nikaenda kwa fundi wangu Nachingwea, ambaye ana lundo la springi za magari yaliyokatwa, nikamweleza habari ya mama.

“Dada, tufunge laini kuliko zote,” akasema. “Bibi ataona yuko kitandani.”

“Na kwenye kona je? Likilala upande mmoja, bibi si ataniangukia mapajani?”

Akacheka, akaanza kuchambua lile lundo. Tukazipima. Tulisimamisha springi moja moja, tukaweka ubao juu yake, na juu ya ubao gunia lilelile la mahindi. Yeye analishikilia lisianguke, mimi napima kwa vidole springi imezama kiasi gani. Zile zangu ngumu, tulizozifungua kwenye gari, hazikuzama hata kidole kimoja, na hapo nikaelewa mama alikuwa anatwangwa na nini. Zilizo laini kabisa zilizama vidole vitatu. Wangekaa watu watatu nyuma zingegonga chini. Jozi moja ilizama kama vidole viwili. Nikasema hizi hizi, na shokapu mpya, maana springi bila shokapu nzima inaendelea kunesanesa tu.

Alipomaliza kuzifunga, nikarudi kwenye ile kona peke yangu. Gari liliinama kidogo, likashika njia, mkia ukafuata bila ubishi. Nilipiga kigelegele mwenyewe ndani ya gari kama chizi.

Siku ya safari mama alipanda kwa ajili ya mjukuu tu, akiwa na kanga mpya na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Nikamkalisha nyuma, na mto mgongoni. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kwa Kimwera, ule wimbo wa mwali, akijikumbusha. Nikawa naendesha huku nasikiliza. Kila shimo nilitega sikio kama wimbo utakatika, na haukukatika. Tukaipita Ruangwa anaimba.

Kwenye kipande kibovu karibu na Nkowe, wimbo ukakatika. Nikajua basi, nyonga imeguswa, sasa nitatukanwa mpaka babu zangu. Nikapunguza mwendo, nikangoja. Kimya. Sikuthubutu kugeuka mpaka tulipoingia uwanjani kwa kaka, wanawake wametuzunguka na vigelegele.

Nikageuka. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, anakoroma.

Nikamtikisa goti. “Mama. Mama, amka.”

Akafumbua jicho moja, akaweka kanga sawa.

“Wewe mtoto,” akasema, “mbona hatuondoki? Mwali ananingoja.”