Doti ya Dorothea

Dorothea wa Takoma Park huko ughaibuni, Mpare mwenye shingo ngumu, alikuwa na doti moja ya khanga ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuipumulia. Ilikuwa bado haijakatwa, vipande viwili vimeungana kama ilivyotoka dukani, imeandikwa: HONGERA MWANANGU. Alimwekea mjukuu wake Anitha, aje kutandikiwa apite juu yake siku atakayomaliza chuo kule Shaw.

Mdomo ukamponza. Kombe la COSAFA la wanawake lilifika, timu za kusini mwa Afrika, na Tanzania wakaalikwa. Nusu fainali wakapangiwa Zambia. Jumamosi Dorothea akaenda Hyattsville kuangalia mechi kwa shoga yake Marie-Thérèse, mzaliwa wa Lubumbashi ambaye mama yake ni Mzambia.

“Weye mugeni wa kualikwa,” Marie-Thérèse akamchokoza, “unataka kubeba chungu ya mwenye nyumba?”

“Tutabeba na mafiga! Mkitufunga, kesho nakutandikia khanga mlango wa kanisa, upite kama bibi harusi. Ile doti yangu!”

Hakuna aliyemwambia aitaje. Aliitaja mwenyewe.

Wasichana wa Tanzania wakatangulia kufunga. Dorothea akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Zambia wakasawazisha, na mpira ukikaribia kwisha wakaongeza la pili.

“Acha, mama, tulikuwa tunacheka tu,” Marie-Thérèse akasema.

“Nimesema, nimesema.”

Jumapili akaitandaza doti yote mlangoni pa kanisa. Anitha akamshika mkono. “Bibi, please, that's mine.”

“Ni yako. Ila neno ni langu.”

Marie-Thérèse akafika na jezi ya kijani ya Zambia. Kuona maandishi, akasimama. “Hii ni ya mutoto. Siikanyage miye.”

“Utaikanyaga.”

“Siikanyage!”

Nyuma yao watu wakajazana, hakuna anayethubutu kuivuka. Mchungaji Elisante naye kakwama nje na Biblia yake, harufu ya pilau ya baada ya ibada inamfuata kutoka ndani.

“Mama zangu, sisi tuingilie dirishani?”

Anitha, ambaye Kiswahili hukisikia na kujibu Kiingereza, akakimbilia jikoni mwa kanisa, akarudi na mkasi. “Bibi,” Kiswahili kikamtoka, “doti si vipande viwili? Kimoja chake, kimoja changu.”

Dorothea akamtazama. Doti hugawani na mtu wa njiani. Mnaogawana ni ndugu. Basi akauchukua mkasi, akakata mwenyewe taratibu, kipande cha Anitha akakitupia begani.

Marie-Thérèse akavua viatu, akapita akicheza, mabega yanaruka. Aliyeanza vigelegele ni Dorothea. Mwenzake akakiokota kipande, akajifunga kiunoni, akasoma kwa sauti.

“Hongera mwanangu. Aksanti, mama!”

“Sina mtoto mzee namna hiyo! Na siku ya Anitha uje nacho. Tunatandika chako, kinafuata chake, apite njia ndefu.”

Mchungaji akapenya nyuma yao haraka, wasije wakaanza tena.