Wimbo Nilioutunga Kwenye Lango la Makaa

Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo nitaandika kama ninavyosema. Sisi ni Wahindi wa Mombasa. Tulikuja London na pasipoti zetu za Kiingereza, mimi, mume wangu na ndugu yangu mdogo, tukakaa Hounslow nyumba moja. Mimi nilipata kazi kiwandani. Siku tuliyogoma pale kiwandani kwa ajili ya malipo, wachimba makaa walitoka kwao mbali huko kwa basi, wanaume wakubwa wakubwa, wakasimama nasi mvuani wakiimba nyimbo zao. Sijasahau. Mmoja alinipa glavu zake, zilinifika kiwikoni.

Basi miaka ikapita, wakagoma wao. Tukasema deni la utu hulipwa kwa utu. Wanawake wa mtaani tukabeba mchele, unga na maharagwe ya kopo, tukawapelekea pale walipokuwa wamesimama, kwenye lango la kituo cha umeme kando ya mto, wakizuia malori ya makaa yasiingie. Maharagwe yenyewe hayana ladha, lakini wao wanayapenda.

Waliimba, tukaitikia. Kisha mzee wao mmoja akaniambia, "Na wewe mama, imba wa kwenu."

Mombasa, mwanamke akikosewa hagombani. Hutunga wimbo, akamwimba mtu machoni pake bila kumtaja, wenziwe wakaitikia. Nilifunzwa na majirani zetu Waswahili nikiwa mdogo. Nikaona lori linakuja, dirisha limewekwa wavu, dereva haonekani. Nikaanza:

*Mwenye lori la makaa, hakunyonya kwa mamake,*
*Wenziwe wafa na njaa, atia tumboni mwake.*

Wakapiga makofi, hakuna aliyejua maana. Lori likapunguza mwendo langoni, nikasogea hadi karibu na wavu, nikarudia kwa madaha. Aliyekuwa ndani akageuza uso. Alikuwa ndugu yangu.

Sasa niseme jambo ambalo ningepaswa kulisema mwanzo. Mama yetu alifariki siku alipomzaa huyu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimlea kwa maziwa ya kopo na kijiko.

Alituambia lori lake linabeba mchanga. Na mimi ndiye niliyemfulia mashati. Kola zilikuwa nyeusi. Mchanga hauwi mweusi, niliona, nikanyamaza, maana alikuwa amekaa bila kazi miezi mingi na mkewe alikuwa mjamzito. Nikisema sikujua, ninadanganya. Nikisema nilijua, pia si kweli.

Jioni alikuja nyumbani kuchukua nguo zake, wahame yeye na mkewe.

"Sikujua ni wewe," nikamwambia.

"Watu wote pale hawakukuelewa, dada. Mimi peke yangu."

"Ulitudanganya. Wale watu walisimama na mimi."

"Nimekosa, nimekubali. Ungenitukana nyumbani, ungenipiga. Lakini kwa mama?"

"Ni maneno ya wimbo tu. Huimbiwa yeyote."

"Ndiyo. Ukamwimbia yeyote, ukanipata mimi."

Mume wangu akamwambia, "Kaa ule kwanza, shemeji." Hakukaa. Mkewe alitoka na begi na tumbo lake, akanibusu mkono, maskini, yeye hakuwa na ugomvi na mtu.

Mgomo ukavunjika, watu wakarudi migodini vichwa chini, na baadaye nasikia migodi yenyewe ikafungwa. Wakati ule niliamini nilikuwa upande wa haki, na bado naamini. Haijanisaidia kitu.

Ndugu yangu sasa anakaa Woolwich. Ni safari ya treni mbili tu. Mwanawe nilimwona mara moja harusini, akanisalimu kwa Kiingereza, hakujua mimi ni nani.

Sisi bakuli la jirani halirudishwi tupu, hata ukitia sukari kidogo au limau moja. Idd iliyopita nilimpelekea ndugu yangu biriani kwa mkono wa mkewe. Mkewe akalirudisha bakuli wiki ile ile. Nililifunua palepale mlangoni, mkewe akatazama chini. Lilikuwa limeoshwa vizuri, na ndani hamkuwa na kitu.