Kilomita za Kiberiti

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu. Mteja anakuapia kwamba kiuno chake ni kilekile cha mwaka jana, huku zipu inapiga kelele. Mwingine anavuta tumbo ndani mpaka macho yanamtoka. Siku hizi simuulizi mtu kipimo chake. Nachukua tepu shingoni, nazungusha, naandika ninachokiona mwenyewe.

Mdogo wangu wa kike hayuko hivyo. Mtaani wanamwita Kiberiti, kwa kuwa ni mwembamba na akiguswa kidogo anawaka. Kazi yake ni kusoma mita za maji. Anapita nyumba kwa nyumba na daftari, anainama kwenye kila kisanduku cha zege, anafuta vumbi kwenye kioo, anaandika. Kabla ya hapo, kila alfajiri, anakimbia. Ameshakimbia mbio ndefu kwa miaka kumi na minne, na mara moja alivaa jezi ya taifa akashika nafasi ya kumi na moja. Picha ya siku ile ipo ukutani kwenye chumba chetu, nyuma ya duka langu, na anayethubutu kuifuta vumbi bila ruhusa yake atajuta.

Miaka kumi na miwili kati ya hiyo alifundishwa na Kocha, mwalimu mstaafu wa michezo mwenye sauti ya chini na suruali zilizopigwa pasi hata siku ya mvua. Nusu ya kazi yake ilikuwa kumzuia Kiberiti. "Leo kimbia kama mtu anayesindikiza mgeni," angemwambia, na Kiberiti angenuna wiki nzima.

Waligombana mwaka jana. Wiki tatu kabla ya mbio za kuchagua timu ya taifa, mguu wake ulianza kuuma mbele, kwenye muundi. Kocha akamwamuru apumzike siku kumi. Alipumzika, akarudi mzito, akashindwa. Baadaye picha ya hospitali ikaonyesha mfupa mzima, hauna hata ufa. Basi akawaka kweli. Mbele ya wakimbiaji wenzake wote akamrudishia Kocha tracksuti, akamrudishia saa ile inayopima umbali kwa satelaiti, akamwambia, "Umeniibia mwaka mzima. Usiseme na mimi tena, wala usimtume mtu kwangu."

Kocha akajibu, "Sawa, mwanangu." Basi. Mimi nilikuwepo, na jibu lile lilinikaa vibaya. Mtu wa miaka kumi na miwili anakuachia kirahisi hivyo? Nikasema moyoni, huyu mzee ana lake.

"Sasa nani atakupangia mazoezi?" nilimuuliza Kiberiti.

"Mimi mwenyewe. Kwani miguu ni ya nani?"

"Na ukijidanganya?"

"Dada, wewe hata kivuli chako unakishuku."

Akaazima baiskeli yangu, akaenda kupima njia ya vumbi inayofuata bomba kuu la maji, mahali ambapo hakuna magari. Alipima kama alivyofundishwa na Kocha: unafunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya gurudumu la mbele, unasukuma baiskeli polepole, unahesabu kila kitambaa kinapopita chini. Mizunguko mia nne hamsini na tano ni kilomita moja. Idadi hiyo alikuwa ameijua kwa miaka mingi kama anavyojua siku yake ya kuzaliwa. Akapaka mawe rangi nyeupe, moja mpaka tano, akaanza kukimbia peke yake na saa ya kawaida ya mkononi.

Mwezi wa kwanza hakusema kitu. Wa pili akaanza kuimba bafuni. Alikuwa anabandika karatasi ya muda wake mlangoni, na mimi kila nikitoka naisoma. Kwa miaka minne mwendo wake wa mbio za kilomita ishirini na moja ulikuwa dakika tatu na sekunde ishirini kwa kilomita moja, hata Kocha afanyeje. Sasa naona tatu na kumi na tano. Wiki mbili baadaye, tatu na kumi. Ana miaka thelathini na minne, anakula chakula kilekile ninachopika mimi, analala kitanda kilekile kinacholia, halafu ghafla anapata sekunde kumi?

Nilijua kinachosemwa kuhusu wakimbiaji wanaojificha na kufanya mazoezi bila kocha. Wanasema anayekimbia peke yake hataki kuonwa anachokunywa. Nilijaribu kulifukuza wazo hilo likawa linarudi kama nzi. Mwishowe, siku moja alipokuwa anaoga, nikafungua mkoba wake wa kazini. Chini ya daftari la mita kulikuwa na kichupa cheupe cha vidonge, karatasi yake imebanduliwa.

Nilikichukua mbio mpaka kwa mfamasia wa ng'ambo ya barabara. Akavigeuza kiganjani, akacheka. "Fundi, haya ni madini ya chuma. Tunawapa wajawazito kila siku."

Nikarudi nimechanganyikiwa zaidi. Nilimkuta Kiberiti mlangoni amefungwa taulo, mkoba wazi mkononi. Na badala ya kuomba radhi, mimi nikamuuliza kama ana mimba.

Sitaeleza yote aliyoniambia. Jambo moja liliniuma: "Kocha alinizuia, lakini hajawahi kunipekua." Kuanzia siku hiyo tukawa tunaombana chumvi kwa ishara.

Jumatano ya wiki ya mbio za kuchagua timu, Kocha akaingia dukani. Hajawahi kuwa mteja wangu. Amekunja suruali ya kijivu kwenye gazeti, anataka ipunguzwe urefu inchi tatu. Nikampima. Ilikuwa inamkaa sawasawa kabisa, pindo limegusa kiatu pale linapotakiwa kugusa.

"Kocha, hii haina tatizo."

"Punguza tu, fundi. Nataka ifupike."

Nilijua hapo hapo kwamba hakuja kwa ajili ya suruali. Nikaipindua, nikapima inchi tatu, nikachukua mkasi, halafu nikauweka chini. Nguo inayopunguzwa bila sababu huwa inarudi na malalamiko. Nikaikunja ile ziada ndani, nikaishona hivyo hivyo.

"Anaendeleaje?" akauliza, akitazama picha ya ukutani kupitia mlango wa chumba.

"Tatu na kumi," nikamjibu, kwa kujigamba kidogo, nimwone atafanya nini.

Hakufurahi. Hakukasirika pia. Akasema atasubiri nje, ndani kuna joto. Mimi nikawa nashona jicho moja kwenye sindano, jicho moja dirishani, na kwa macho yangu nikamwona anachuchumaa kando ya baiskeli yangu iliyoegemea ukuta. Akashika gurudumu la mbele. Akalizungusha. Akalibonyeza tairi kwa vidole, akainuka haraka, akapangusa mikono.

Aliporudi ndani akachukua suruali yake, akaniambia jambo la ajabu: "Fundi, wewe unapima kila kitu, sivyo?"

"Kila kitu," nikasema.

"Vizuri." Akaondoka zake.

Nikatoka mbio. Nilikuwa na hakika ametoboa tairi. Nilikagua gurudumu zima kwa vidole nikitafuta msumari, kijiti, chochote. Tairi lilikuwa limejaa upepo vizuri. Nilichokikuta ni kile kitambaa chekundu tu, bado kimefungwa kwenye spoku. Na nikakumbuka baiskeli ya Kocha, ile nyeusi ndefu waliyokuwa wakipimia njia zamani, ambayo yeye hupanda kama anapanda ngazi. Hii yangu ni ya kike, ndogo, miguu yangu inafika chini nikiwa nimekaa.

Nikavua tepu shingoni. Tepu yangu ni ya mita moja na nusu, kwa hiyo nililizunguka gurudumu nikaweka alama ya chaki, nikaendelea kutoka hapo. Mita mbili na sentimita nane. Nikaenda mezani, nikaandika kwenye karatasi ya kukatia: mizunguko mia nne hamsini na tano, mara mita mbili na sentimita nane. Nilizidisha mara mbili, maana hesabu zangu nazo siziamini. Jibu halikufika elfu moja. Lilikuwa mia tisa arobaini na sita.

Kila kilomita ya mdogo wangu ilikuwa imepungua zaidi ya mita hamsini. Zile sekunde kumi hazikutoka kwenye kidonge wala kwenye miguu. Zilitoka kwenye baiskeli yangu.

Nilikaa kitini nikaona haya mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa tayari kuamini kwamba ndugu yangu wa tumbo moja ni mwizi, kabla ya kuamini kwamba gurudumu ni dogo.

Jioni aliporudi kazini nikamweleza. Alinisikiliza amesimama, viatu vina vumbi la nyumba za watu.

"Amekutuma."

"Hakunituma."

"Watu wamemwona anatoka hapa. Juzi ulikuwa unatafuta dawa kwenye mkoba wangu, leo unatafuta mita. Imebaki siku nne, dada. Siku nne! Mnataka nini kwangu?"

Ulimi wangu ulikuwa na mengi ya kujibu, nikaung'ata. Nikamnyooshea tepu. "Usiniamini. Pima."

Mdogo wangu ana jambo moja. Mtu akimtajia namba ya mita kutoka nyuma ya geti, haandiki. Ataomba afunguliwe, atainama, atafuta kioo, ataona mwenyewe. Akachukua tepu akapiga magoti kando ya baiskeli. Akapima mara ya kwanza. Akapima ya pili. Ya tatu alipima gurudumu la nyuma, kama vile huenda hilo lingemhurumia. Kisha akaingia ndani akaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa.

"Kwa hiyo sijaongeza kitu."

"Uko palepale ulipokuwa."

"Jumapili ningeanza na tatu na kumi."

"Ungefika wapi?"

"Kilomita ya kumi. Labda ya kumi na mbili." Akaikunja tepu mkononi. "Halafu ningetembea, dada. Mbele ya watu wote ningetembea."

Akalia. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na sote wawili tulijua, kwa sababu timu ilikuwa inachukua watatu tu na wenye miaka ishirini walikuwa wengi. Nilimkumbatia, nikamwomba radhi kwa ajili ya mkoba, na kwa ajili ya ile mimba. Alicheka huku kamasi zinamtoka, akajifuta kwa kipande cha satini ya mteja.

Jumapili nilisimama kwenye kibao cha kilomita ya tano na saa yake ya mkononi ya akiba. Wasichana sita walipita kwanza wakiwa wameshikamana, wanakwenda kama wanafukuzwa. Kiberiti akapita wa kumi na tatu. "Huyo kwisha habari yake," jamaa mmoja kando yangu akasema. Nilitazama saa: dakika kumi na sita na sekunde arobaini. Tatu na ishirini kamili. Nikapaza sauti, "Hivyo hivyo, mama! Usiongeze!" Vipi kama nilikosea kuzidisha?

Sikukosea. Kwenye mwisho nilimwona anaingia barabara ya uwanjani, na wale sita walikuwa wamebaki wawili mbele yake. Wengine aliwaokota njiani mmoja mmoja, wengine wakiwa wameshika viuno. Alikuwa wa tatu, hatua kama kumi na mbili mbele ya wa nne. Nilipiga kelele ambazo sikujua kama ninazo.

Ndipo nikamwona Kocha. Alikuwa nyuma kabisa ya umati, ng'ambo ya kamba, amejificha kama mtu asiyetaka kudaiwa salamu. Amevaa suruali ya kijivu. Ilikuwa imeishia juu ya vifundo vya miguu, soksi zote nje, na watoto walikuwa wanamcheka. Nikaelewa alichokuja kunionyesha dukani. Nilimwendea.

"Kocha, ulijua?"

"Nilipoona gurudumu."

"Na ukanyamaza?"

"Aliniambia nisiseme naye, wala nisimtume mtu. Sikumtuma mtu." Akaitazama miguu yake. "Nilileta suruali."

Kiberiti alikuja nyuma yangu, taulo shingoni, anapumua kwa nguvu. Alipomwona akasimama. Alimtazama usoni, kisha akateremsha macho mpaka kwenye soksi, akakaa nayo hapo muda mrefu.

"Kocha, nani kakuharibia suruali?"

Mzee akanionyesha kwa kidevu. Nikamwambia ailete kesho nimrefushie, kitambaa sikukikata, kipo chote ndani ya pindo. Nilitaka kuongeza kwamba nilimshuku tangu mwanzo, lakini Kiberiti akanitangulia.

"Ukija," akamwambia, "uje na baiskeli yako."