Kikapu cha Kupeleka Ukweni

Mama mkwe wangu alitangaza mbele ya ukoo mzima: binti wa boma hili hasindikizwi kwa beseni la plastiki. Simsim ya kupeleka ukweni Nambale itaingia kwenye kikapu cha mizizi na magome, na atakayekishona ni mimi, mama wa bibi harusi. Kisha akaongeza chinichini, lakini nikasikia vizuri, "Kama watu wa Mundika wanaweza."

Ala! Mimi nilizaliwa Mundika nikaolewa hapa Malaba, na tangu nifike huyu mama hajawahi kusifu hata ugali wangu. Nikasema moyoni, safari hii utanitambua.

Mizizi nilichimba mwenyewe kando ya mto, nikaipasua, nikailoweka. Magome nikayachana membamba, nikaanza kuyazungusha kutoka kitako, kila mzunguko nikiushonea juu ya mwenzake kwa mzizi, nikitoboa kwa msumari ulionolewa. Kazi hii haitaki pupa. Mzizi mkavu unakatika. Ulioloa sana nao, ukishakauka, unasinyaa na kuacha mianya. Nilishonea kibandani kwangu, pale ninapouzia madereva wa malori chai. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva, akaniuliza, "Mama, hiyo ni spea ya lori gani?" Nikamwambia anywe chai yake aende, foleni ya malori inasonga.

Kwa mama mkwe, kikapu hupimwa kwa simsim. Anatandika kitambaa cheupe, anakijaza kikapu, anakitikisa. Mbegu ikidondoka, umeaibika. Vikapu vyangu vya zamani vyote vilidondosha, kuku wakashiba.

Siku mbili kabla ya safari akaja na kitambaa chake. Akamimina simsim, akainua kikapu, akatikisa. Akatikisa tena, kwa nguvu, huyo mama na uzee wake wote! Akainama, akapapasa kitambaa kwa kiganja.

Hakukuwa na hata mbegu moja.

Alimwaga simsim kwenye sufuria, akapitisha vidole mzunguko kwa mzunguko, kutoka mdomoni mpaka kitakoni nilipoanzia. Halafu akakikwapua kikapu, akaingia nacho nyumbani kwake na kufunga mlango.

"Mama! Na Jumamosi tutabebea nini?" nikaita.

"Hiki hakitoki hapa," akajibu kutoka ndani. "Watu wa Nambale watakitilia viazi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi Jumamosi niliingia ukweni na beseni la plastiki kichwani, jekundu, la sokoni. Mashemeji walinong'ona kwamba nimeshindwa. Wacha wanong'one. Mama mkwe alitembea mbele yangu, na mimi nikafuata nyuma kwa maringo ambayo sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu.