Tone Moja Ndani ya Pipa la Shangazi

Kiingereza cha shule yetu kilikuja kwa mafungu. Wiki moja vitenzi, wiki nyingine barua ya kuomba kazi ambazo kijijini kwetu Milola hakuna aliyewahi kuziona, na wiki moja, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu akaandika ubaoni "a drop in the ocean". Tone katika bahari, akatueleza. Kitu kidogo mno kisichostahili hata kutajwa. Niliupenda msemo ule kama mtu aliyepata viatu vipya, nikatembea nao kila mahali. Nikichelewa kufagia uwanja, tone katika bahari. Nikikomba sukari, tone katika bahari. Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea, akaniambia nikilisema tena neno hilo jikoni kwake atanipiga mwiko, tuone kama nao ni tone.

Wiki hiyohiyo alikuwa anamwoza binti yake. Kiangazi kilikuwa kimekaza, bomba la mradi linakohoa hewa tupu, na maji ya pilau ilibidi yatoke kisimani bondeni, yapande kichwani kwangu. Niliyabeba siku mbili. Nililijaza pipa lililokuwa nyuma ya jiko mpaka likafika ukingoni, na shingo yangu ikawa haigeuki. Nilijivunia pipa lile kuliko bibi harusi alivyojivunia mume wake.

Asubuhi ya harusi, shangazi alikuwa anachota maji ya kuoshea mchele. Mkono mmoja umeshika kata, mwingine umembeba mjukuu wake kiunoni, kidume cha miezi saba, uchi kwa sababu ya joto. Mtoto akatulia ghafla, akatabasamu. Aliyewahi kulea mtoto wa kiume anajua tabasamu lile lina maana gani. Mkojo ukapanda, ukapinda vizuri, ukatua katikati ya pipa.

Shangazi akanitazama. Nami nikamtazama. Nina hakika tungeyamaliza palepale kwa macho, harusi ikaendelea, kama si jirani aliyekuwa amekaa karibu yetu akimenya vitunguu saumu.

"Astaghfirullah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya kutembea nayo mwezi mzima.

Hapo hapakuwa tena na la kuficha. Wakwe walikuwa njiani kutoka Mingoyo, mbuzi keshachinjwa, na maji yakiwa najisi ni kumwaga yote, mimi nirudi bondeni na shingo ileile. Wakwe wangefika wakute sufuria kavu, na shangazi asingeinua uso Milola maisha yake yote. Machozi yalinitoka kabla mtu hajasema neno jingine. Nilimchukia yule mtoto, naye alikuwa anacheka.

Akaitwa Maalim wa madrasa, ambaye hakuwa mbali, kwani ndiye aliyekuja alfajiri kuchinja. Maalim alikuwa mtu wa elimu kwelikweli, ila alikuwa na waswasi wa udhu. Akiosha mkono anashuku haujaosheka, anaosha tena, anashuku tena. Msikitini watu walijitahidi watawadhe kabla yake, la sivyo wangekuta mabirika matupu.

Nilimwamkia shikamoo, na kabla marahaba haijamtoka vizuri nikamwahi.

"Maalim, mkojo wenyewe kidogo sana. Kwa Kiingereza hili linaitwa tone katika bahari."

"Bahari ipi?"

"Ni msemo tu, Maalim."

"Nimekusikia, mwanangu. Nakuuliza, hiyo bahari ina maji kiasi gani? Hao Wazungu wako hawakutaja kipimo?"

Hawakutaja. Maalim akatikisa kichwa, akawasikitikia, kisha akatusomesha pale jikoni. Kuna kiasi cha maji kinaitwa kulateni. Maji yakitimia kiasi hicho, najisi kidogo ikiingia bila kuyabadili rangi, ladha wala harufu, yanabaki tohara, yaani safi kisheria. Yakipungua, hata tone moja linayaharibu yote. Akakunja mikono ya kanzu, akalipima pipa kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, upana na kina. Akapima mara ya pili. Akapima na mara ya tatu, kwa waswasi.

"Pipa likijaa, linatosha," akasema. "Lakini hili limepungua vidole vinne."

Shangazi akakaa chini bila kutazama anakalia nini.

"Nililiacha limejaa!" nikapiga kelele. "Jana usiku lilikuwa limejaa pomoni! Shangazi kachota kata moja tu! Nani kachota mengine?"

Yule jirani, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu vyake, akasema, "Mimi alfajiri nilimwona Maalim akitia udhu hapa. Ndoo mbili."

Nikataka kumbusu.

Maalim akakohoa. Akakumbuka, ghafla sana, kwamba hukumu ile ina upande wa pili: maji yaliyopungua yakiongezwa mpaka yatimie, na kama hayajabadilika, yanarudi kuwa tohara. Rangi, akaangalia, haikubadilika. Harufu, akainama, hakuna. Ladha?

"Onja wewe mwenye elimu," shangazi akamwambia.

"Ladha tuchukulie iko vilevile," Maalim akasema.

"Basi kayafuate maji uliyotumia."

"Mama, nitume bodaboda..."

"Bodaboda zote zimekwenda kwa wakwe. Ndoo hizo hapo."

Nilimsindikiza kwa macho akiteremka bondeni, kanzu kaipandisha hadi magotini, ndoo kila mkono. Alirudi amelowa jasho na maji. Tukamimina taratibu mpaka pipa likafika ukingoni. Shangazi akamtaka aseme "tohara" mara mbili, na mara ya pili aseme kwa sauti, ameelekea kwa jirani.

Pilau lilipikwa. Wakwe walifika, wakala, na mama yake bwana harusi akauliza tumetia nini, mbona tamu hivi. Maji ya kisima chetu, shangazi akamjibu, akamwongezea nyama. Maalim alikula akitazama mbali. Jirani alichagua nyama tupu. Shangazi alisema harufu ya kupika imemshibisha, hakuutia wali ule mdomoni siku nzima. Kwenye sheria lile tone halikuwapo tena. Kooni kwake lilikuwapo.

Mimi nilikula. Niliyapandisha maji yale kutoka bondeni kwa shingo yangu mwenyewe, na hakuna mkojo wa mtoto ungenizuia. Nilikula sahani mbili, kisha nikakwangua ukoko.