Kipumulio cha Haji Dardiri

Kule Quseir, mtu akitaka kushuka chini ya Bahari ya Sham, apumue hewa ya mtungi na arudi juu akiwa hai, kipumulio chake hupita kwanza mikononi mwa Wagih. Duka la Wagih liko nyuma ya soko la samaki. Upana wake ni wa kabati, na mwenyewe amelizidi duka. Mteja akiingia, lazima mmoja wao avute tumbo ndani.

Vipumulio alivyovijua kuliko watoto wake ni vile vizito vya shaba, vya kampuni moja ya Italia. Kampuni ile iliugua: ikauzwa, ikauzwa tena, vipuri vikakoma. Wagih aliandika barua pepe sita, akajibiwa na mashine iliyomshukuru kwa uvumilivu wake. Tangu hapo akaishi kwa kuchinja. Kipumulio kilichoharibika kabisa alikifungua, springi na pete zake za mpira zikahamia kwenye vilivyo hai. Wazamiaji walizoea. Wagih akitikisa kichwa na kusema, "Huyu amekufa," mwenye mali husema, "Mungu amrehemu," hunywa chai yake na kuiacha maiti mezani. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Mwezi wa tatu alikuwa amemwahidi Bi Nagwa, mwenye kituo cha kuzamia, vipumulio kumi kabla ya Jumapili. Tisa vilikuwa tayari. Cha kumi kilikosa kizibo, kiplastiki kidogo kama punje ya dengu kinachozuia hewa ya mtungi isimwagike yote kwa mpigo.

"Fundi, sema kweli," Nagwa alimwambia kwenye simu. "Kumi au tisa? Kama ni tisa, mgeni mmoja nimpeleke akapande ngamia."

"Kumi, Bi Nagwa. Mimi nimewahi kukuangusha?"

"Mwaka jana."

"Ukiacha mwaka jana."

Alhamisi akaingia Haji Dardiri. Mzee huyu alizamia miaka thelathini bandarini, akikata kamba zilizojisokota kwenye mapangaboi ya meli. Sasa ana miaka sabini na moja, na kila Ijumaa baada ya swala alishuka mita tisa, akakaa mchangani, akarudi juu. Ukimuuliza huko anaona nini, husema huko hakuna anayemwita.

"Kinapiga mluzi kidogo," alisema, akikiweka kipumulio chake mezani. "Kama mke wangu akilala."

Wagih akakifungua. Tatizo lilikuwa pete moja ya mpira, kazi ya dakika tano. Lakini ndani aliona kizibo laini, hakina hata mkwaruzo, maana Haji alikiosha kipumulio chake kwa maji baridi kwenye beseni kama mtoto mchanga. Wagih akakitazama kizibo kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akajisikia anasema:

"Huyu amekufa, Haji."

Haji hakusema Mungu amrehemu. Alikichukua, akakiweka sikioni, akakirudisha mezani taratibu.

"Umeangalia vizuri, mwanangu?"

"Nimeangalia."

"Basi. Wewe ndiye unayejua."

Jumapili Nagwa akapata vipumulio vyake kumi na akamsifu fundi mbele ya wageni. Wagih alizipokea sifa akitazama viatu.

Jumatatu Haji akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na pakiti ya vipuri vya kampuni ile ile, haijafunguliwa, kizibo kipya kimo.

"Nilinunua miaka kumi na miwili iliyopita," alisema, macho chini. "Naona aibu, Wagih. Wewe unahangaika, mimi nimeilalia. Sasa nimeacha kuzamia, ichukue iwasaidie wengine. Hata suti ya kuzamia nimempa mkwe wangu. Inamkaba tumbo, lakini amefurahi."

Wagih akashika birika.

"Chai?"

"Nipe. Siku hizi nina nafasi, hata Ijumaa."

Mzee alikunywa chai yake yote. Wagih alikaa mbele yake masikio yakimwaka.

Siku ile ile akakirudishia kipumulio cha Haji matumbo yake kutoka kwenye ile pakiti, akakijaribu mara nne. Jumanne alasiri akakipeleka mkahawani, Haji alikokuwa akicheza domino na wenzake.

"Haji, naomba tusogee pembeni."

"Sema hapa hapa. Hawa ni viziwi."

Wagih akakiweka kipumulio katikati ya domino. "Hakikuwa kimekufa. Nilitaka kizibo chako."

Hao viziwi wote wakaacha kucheza.

"Ungeniomba," Haji alisema.

"Najua."

"Ningekupa."

"Najua, Haji."

Abdelrazik, baharia mstaafu aliyeshika domino saba mkononi, akamgeukia. "Na changu, Wagih? Cha mwaka juzi?"

"Chako kilikufa kweli."

"Kweli," Abdelrazik akasema, na jinsi alivyolitamka ilitosha.

Laiti Haji angemtukana. Angemwita mwizi, wangepiga kelele, watu wangewatenganisha, yakaisha. Haji alikipangusa kipumulio kwa ncha ya kanzu, akakitia mfukoni, akauliza ni zamu ya nani kucheza.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Shawqi, fundi mwenzake wa Hurghada, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Kuna mzee wa kwenu hapa, kaja na basi la kwanza. Kaleta kipumulio nikikague. Nimekifungua chote. Kazi safi, sina cha kuongeza. Lakini anataka nimwandikie karatasi kwamba ni kizima. Namwambia, mzee, huu mkono wa Wagih, muulize Wagih. Anasema hapana, niandike mimi. Mna nini nyinyi?"

Nyuma ya sauti ya Shawqi, Wagih alimsikia Haji akikohoa.

"Hatuna kitu," alisema. "Mwandikie."

"Na sahihi?"

"Na sahihi. Na muhuri, kama unao. Kisha mshushe nacho baharini hapo hapo, akione mwenyewe. Akiniuliza mimi hatasadiki."